Tuulize kwanza kama amekula

Ndugu wasomaji, na ninyi munaotusikiliza kwa radio hapa mtaani ao katika vituo vya wahamaji, tangu nirudi kutoka Korea ya Kusini kila ninapopita sokoni watu wananisimamisha. Vijana wanauliza juu ya telefoni na magari. Wasichana wanauliza kama niliwaona wale waigizaji wa filamu za mfululizo. Wazee wanauliza kama ni kweli kwamba kule wanakula mbwa. Hilo la mwisho nilijibu mbio: zamani walikula, siku hizi ni wachache, na mwezi wa kwanza 2024 bunge lao lilipitisha sheria ya kukataza biashara hiyo kuanzia 2027. Basi tuliache.

Hakuna aliyeniuliza niliongea na watu wa kule kwa lugha gani. Na hapo ndipo kuna jambo ninalotaka kulisema leo. Haya ni maoni yangu, si habari. Yanahusu swali moja ambalo sisi huku Kivu Kusini tunalipenda kupita kiasi: "Weye, unatokea wapi?"

Swali hilo munalijua. Mama amefika na mtungi kwenye bomba la maji, amefungua kinywa, amesema maneno mawili, na tayari wenzake wamesikia kwamba Kiswahili chake si cha hapa. Labda "l" yake imekuwa "r". Labda anasema kama watu wa milimani, ao kama watu wa ng'ambo ya ziwa kwa sababu alikulia kambini Nyarugusu, kule Kigoma, ambako familia nyingi za Fizi zimeishi tangu 1996. Mara moja swali linatoka. Halikutoka ili tumjue. Limetoka ili tumuweke mahali: ni wetu ao si wetu. Kwenye barieri swali lile lile linaweza kumfanya mtu alale njiani, ao jambo baya zaidi. Munajua ninachosema, sitaongeza.

Sasa Korea. Nilialikwa huko kwa mafunzo ya wanahabari, na kabla ya safari nilikuwa na miezi mitatu. Nilinunua kaye na biki, nikaanza kujifunza lugha yao kila usiku kwa telefoni, wakati moto ukiwepo. Herufi zao zinaitwa hangul. Mfalme wao Sejong alizitengeneza mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, kwa sababu wakati ule waliandika kwa alama za Kichina ambazo mtu wa kawaida hakuwa na muda wa kujifunza. Leo ni herufi 24 tu, na kila tarehe 9 ya mwezi wa kumi inchi nzima inapumzika kwa kuziheshimu. Mimi zilinichukua juma moja. Maneno ni kazi nyingine, yale ni mlima. Lakini kusoma jina la duka, jina la kituo cha treni, hilo mtu wa darasa la sita anaweza kulifanya kwa siku chache. Ni mfalme mmoja katika wengi aliyefikiria kwamba mkulima naye anapaswa kusoma barua yake mwenyewe.

Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumamosi. Wenzangu wa mafunzo walitaka maduka makubwa ya Seoul. Mimi nilipanda treni peke yangu kwenda Busan, muji wa bandari kusini kabisa. Saa mbili na nusu hivi, zaidi ya kilometa 300. Kutoka Uvira kwenda Baraka si kilometa 100, na munajua mvua ikinyesha tunalala wapi.

Kwa nini Busan? Kwa sababu ni muji uliotengenezwa na wahamaji. Vita vya Korea vilipoanza tarehe 25 mwezi wa sita 1950, jeshi la Kaskazini lilishuka kwa nguvu hata Seoul ikaanguka kwa siku chache, na kona ile ya kusini ikabaki mahali pa mwisho pa kukimbilia. Serikali yenyewe ilihamia Busan, ikakaa huko karibu muda wote wa vita. Watu wakafika kwa miguu, kwa treni wakikaa juu ya mabehewa, kwa meli. Mwezi wa kumi na mbili 1950, katika bandari ya Heungnam kule Kaskazini, meli moja ya mizigo ya Wamarekani, SS Meredith Victory, iliyojengwa kwa kubeba abiria 12 tu, ilipakia watu wapatao 14,000. Walisimama wakibanana siku kadhaa, baridi kali, bila chakula. Watoto 5 walizaliwa humo ndani. Hakuna aliyekufa.

Nilitaka kuona watoto na wajukuu wa watu wale wanaishi namna gani. Na nilikuwa na njaa.

Kitu cha kwanza mtu anayesafiri peke yake anachojifunza Korea ni kwamba kula peke yako si jambo dogo. Wana hata neno lake, "honbap". Kuko nyumba za chakula ambapo nyama ya kuchoma inauzwa kuanzia sahani za watu wawili, na ukija peke yako wanakutazama kama vile sisi tunavyomtazama mtu anayekula bugali amefunga mlango. Hapo niliwaelewa bila kamusi. Lakini kuko chakula cha mtu mmoja, na Busan kinaitwa dwaeji-gukbap: supu ya mifupa ya nguruwe iliyochemka muda mrefu hadi ikawa nyeupe, nyama imekatwa nyembamba, na wali umetiwa ndani. (Wasikilizaji wetu Waislamu na Waadventista watanivumilia, nitafika kwenye samaki.) Wengi Busan wanasema supu hiyo ilipata nguvu wakati wa vita, wahamaji walipokuwa wakitafuta mifupa ambayo wengine hawakuihitaji. Sisi tunaijua akili hiyo. Ni nani kati yetu hajala sombe iliyopikwa bila mafuta ikaitwa chakula?

Malewa niliyoingia ilikuwa ndogo, meza 6, na mama mwenye nywele nyeupe alikuwa ndiye mpishi, ndiye muuzaji, ndiye mwenye pesa. Sasa sikilizeni namna wanavyoita watu. Huwezi kumwita mtu mzima kwa jina lake. Mwenye duka ni "sajangnim", bwana ao mama mwenye kazi. Mama wa malewa kama yule wengi wanamwita "imo". Imo maana yake ni mama mdogo, ndugu wa mama yako. Mtu hajawahi kumuona maisha yake yote, lakini akiingia tu anasema: mama mdogo, niletee supu. Na kitenzi chenyewe kinabadilika kufuata unayeongea naye. Kwa mtoto unasema hivi, kwa mkubwa unaongeza "yo" mwishoni, kwa heshima kubwa unasema "mnida". Ukiacha ile "yo" kwa muzee umemtukana hata kama maneno mengine yote ni sawa. Kwa Mzungu hiyo ni hesabu ngumu. Kwa mtoto aliyelelewa huku, ambaye hawezi kumwambia muzee "weye" bila kupigwa jicho, si ngumu hivyo.

Nilimwambia: "Imo, gukbap hana juseyo." Mama mdogo, nipatie supu moja. Alisimama. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, mtu mweusi na kaye yake. Nilijua ni swali gani linakuja, nilikuwa nimelifanyia mazoezi: ninatoka Kongo, mimi ni mwanahabari. Lakini akasema "Bap meogeosseoyo?"

Umekula wali? Ndivyo neno kwa neno. Umekula?

Ni salamu yao ya zamani, kama sisi tunavyosema "umeamkaje". Hawangoji jibu refu. Watu wa kizazi chake walijua njaa, na wengi wanaeleza kwamba ndiyo sababu salamu hiyo imeshika mizizi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama katika malewa yake, asubuhi, bila kula, kwa hiyo nikajibu swali kama swali: "Aniyo." Hapana. Basi akacheka, akanionyesha kiti, akaanza kuweka visahani: kimchi, vitunguu, pilipili mbichi, majani ya kijani yanayofanana na vitunguu vya majani, na kisahani cha uduvi wadogo wa chumvi waliochachishwa. Uduvi wale wananuka kama ndagala zilizosahaulika ndani ya gunia. Nilijisikia nyumbani.

Alinionyesha kwa mkono kwamba uduvi unatiwa ndani ya supu badala ya chumvi. Akanifundisha jina lake, saeujeot, mara tatu mpaka kikatoka vizuri. Kimchi ikiisha unaomba "deo juseyo", niongezee, na unaongezewa bila kulipa. Na sokoni, muuzaji akikuwekea kidogo juu ya kipimo, wana neno lake: "deom". Mama zetu sokoni, nimewaletea neno hili kutoka mbali: deom ni matabishi. Ni ile ile kabisa. Nilipolisikia nilitaka kuwapigia simu.

Nililipa karibu won 10,000, kama dola 7. Si bei ya malewa ya huku, ni kweli. Kabla ya kula wanasema "jal meokgesseumnida", nitakula vizuri, na baada ya kula wanasema tena kwamba nimekula vizuri. Nilivisema vyote viwili na mama akawaambia wateja wengine kitu ambacho sikukipata chote, ila nilisikia "uri". Uri ni "yetu, sisi". Wakorea hawasemi mama yangu, wanasema mama yetu, hata mtoto akiwa mmoja tu nyumbani. Wanasema nyumba yetu, inchi yetu. Mkongo hahitaji kueleweshwa hilo. Sisi pia tunasema kwetu.

Kutoka hapo nilitembea mchana kutwa, na nitapita haraka. Haeundae, pwani yao mashuhuri, sikwenda, maji tunayo. Nilienda Jagalchi, soko la samaki, ambako akina mama wenye buti za mpira ndio wakubwa wa mahali. Walianza baada ya ukoloni wa Wajapani na wakati wa vita, wengi wao wajane ao wake wa watu waliopotea, wakiuza samaki chini kandokando ya maji. Leo kuko jengo kubwa, lakini wengine bado wanakaa nje na mabeseni, wanaita wateja kwa sauti ambayo haihitaji mikrofoni. Nilikula samaki wa kuchoma na nikajifunza hesabu. Wakorea wana namna mbili za kuhesabu: samaki unawahesabu hana, dul, set, lakini pesa unahesabu il, i, sam. Mama mmoja alinishika kidole kimoja kimoja akinihesabia mpaka kumi, kama mtoto wa chekechea, wateja wakingoja. Hakuna aliyenung'unika.

Karibu na hapo kuna soko la Gukje, jina ambalo maana yake ni soko la kimataifa. Vitu vya misaada na vya makambi ya jeshi viliuzwa humo: blanketi, maziwa ya kopo, sabuni. Munacheka? Sisi hatujawahi kuona turubai lenye alama ya shirika likiuzwa sokoni? Na ng'ambo ya barabara kuna njia nyembamba ya Bosu-dong, yote ni vitabu vya zamani. Wanasimulia kwamba ilianza wakati wa vita na mume na mke kutoka Kaskazini waliotandika magazeti ya zamani chini. Wanafunzi waliokimbia na shule zao walikuwa wakisoma chini ya mahema mlimani, na hawakuwa na vitabu. Kwa hiyo kitabu kiliuzwa, kikasomwa, kikarudishwa, kikauzwa tena. Ningependa viongozi wetu wa elimu wapite pale dakika kumi tu.

Kisha nikapanda mlima hadi Ami-dong. Hapa nitasimama kidogo. Wahamaji walipokosa nafasi chini mujini, walipanda juu hadi mahali ambapo Wajapani walikuwa na makaburi yao wakati wa ukoloni. Hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Wakajenga vibanda juu ya makaburi, na mawe ya makaburi wakayatumia kama msingi, kama ngazi, kama kizingiti. Mpaka leo ukitazama chini ya ukuta utaona jiwe lenye majina ya Kijapani. Nilikaa kwenye ngazi, bibi mmoja akapita na mfuko wa mboga, nikamsalimu kwa "annyeonghaseyo" na kuinama kidogo. Akaniuliza swali lile lile la mama wa supu. Nimekula? Safari hii nilisema ndiyo, "ne, meogeosseoyo", na tukabaki tunatazama bandari, yeye akiongea polepole kama mtu anavyomwongelesha mtoto. Niliambulia kwamba aliletwa pale akiwa mdogo, mgongoni. Mengine yalinipita.

Nilimtazama nikawaza watoto wetu waliozaliwa chini ya turubai. Hapo Busan mtoto mmoja wa wahamaji aliuziwa mayai na mama yake. Samahani, mama yake ndiye aliyeuza mayai, akimbeba mgongoni, ili wapate kula. Wazazi wake walikuwa kwenye ile meli ya Heungnam. Mtoto huyo ni Moon Jae-in, na aliongoza inchi hiyo kutoka 2017 hadi 2022.

Chakula cha jioni kilikuwa tambi baridi zinazoitwa milmyeon. Watu wa Kaskazini walizoea tambi za nafaka nyeusi na za unga wa viazi, na Busan vitu hivyo havikupatikana. Kilichokuwapo ni unga wa ngano wa msaada wa Marekani. Basi wakatengeneza tambi zao za nyumbani kwa unga wa msaada, na leo hicho ndicho chakula ambacho wenyeji wa Busan wanajivunia kama chao tangu zamani. Ninaipenda hadithi hiyo kuliko hotuba zote za kuishi pamoja nilizozirekodi katika kazi hii. Hakuna aliyetangaza amani ya kabila. Mhamaji alipika alichokijua kwa alichopewa, mwenyeji akaonja, akarudi kesho.

Sasa wengine watasema: mwanahabari amepewa supu, amerudi anatusifia Korea. Ngojeni.

Mimi nilikuwa na pasiporti, barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi. Mtu anayerudi kwao anachekewa popote. Asiyeweza kurudi ni hesabu nyingine. Korea ina sheria yake ya wakimbizi, ilianza kufanya kazi 2013, lakini wanaokubaliwa ni wachache sana kati ya wanaoomba. Mwaka 2018 Wayemeni karibu 500 walifika kisiwa cha Jeju wakikimbia vita. Watu zaidi ya 700,000 walitia sahihi ombi la kutaka mlango ufungwe. Mwishowe waliopewa hadhi ya ukimbizi ni wawili. Wengi wa wengine walipewa kibali cha kukaa kwa muda. Hiyo ni inchi ambayo bibi zake walilala juu ya makaburi. Mtu anaweza kusahau haraka, hata kwa chakula kile kile mezani.

Na mwenzetu mmoja, Yiombi Thona, aliyekimbia Kongo na kufika Korea mwaka 2002, alikataliwa na kukataliwa, akafanya kazi za viwandani, mpaka 2008 ndipo akakubaliwa kuwa mkimbizi. Baadaye alifundisha chuo kikuu mujini Gwangju. Watoto wake, Jonathan na Patricia, wanajulikana kwenye televisheni za kule, wanaongea Kikorea kinachowafanya Wakorea wacheke mpaka machozi. Miaka 6 ya kungoja. Lugha iliwafungulia, ni kweli, lakini tusidanganyane kwamba lugha peke yake inatosha. Karatasi inahitajika, na kazi, na mtu wa kuamua bila hofu.

Kwa hiyo sisemi kwamba Wakorea ni wazuri kuliko sisi. Nasema kitu kidogo kuliko hicho. Siku ile nzima nilikuwa mgeni mwenye Kikorea cha kaye, na kila mtu aliyesikia lafudhi yangu aliitumia kama nafasi ya kunifundisha neno moja zaidi. Hapa kwetu lafudhi ya mtu tunaitumia kama ushahidi. Mama wa bombani akisema neno kwa namna ya kwao, tunacheka, tunarudia neno lake kwa mzaha, watoto wetu wanalibeba shuleni, na mtoto wake anaacha kusema darasani. Nimeongea na mwalimu mmoja anayefundisha watoto wahamaji. Alisema wengine wanakaa miezi mingi hawainui mkono. Wanajua jibu. Wanaogopa sauti yao.

Mutu anajifunza lugha ya mahali anapokula. Hilo nimeliona kwa macho, na sidhani linahitaji mradi wala gari jeupe. Mama mwenye meza ya maandazi anaweza kumfundisha mama mhamaji majina ya bei na vipimo vya hapa kwa juma moja, na yeye akajifunza kutoka kwake namna ya kutengeneza jibini ao kukausha uyoga. Najua jibu nitakalopewa: hatuna imani, tulichomewa nyumba, tunajuaje ni nani? Ni hofu ya kweli, nami sitamwambia mtu aliyezika asiogope. Wakorea nao katika vita ile waliogopa lafudhi ya Kaskazini, kwa sababu adui alikuwa na lafudhi hiyo hiyo. Lakini mama aliyefika na mtungi na watoto watatu hajaleta vita kwenye bomba. Usalama una wenye kazi yake. Sisi kazi yetu pale bombani ni maji.

Jambo la mwisho, na hili ni la radio yetu moja kwa moja.

Jioni kabla ya treni nilipita daraja la Yeongdo. Lilifunguliwa mwaka 1934, na kipande chake kinainuka ili meli zipite. Liliacha kuinuliwa 1966, likaanza tena 2013. Wakati wa vita familia zilizotengana njiani zilikuwa zimeagana hivi: tukipoteana, tukutane Busan kwenye daraja. Maana ni jina pekee la Busan walilolijua. Walikuja, wakasimama, wakabandika karatasi zenye majina. Wapiga ramli wakafungua kazi hapo chini, wakiuza matumaini. Wengi hawakuonana tena.

Miaka 30 baada ya vita kusimama, tarehe 30 mwezi wa sita 1983, televisheni yao ya taifa KBS ilianza kipindi cha kuwatafuta hao waliopotezana. Kilipangwa kiwe cha saa moja na nusu hivi. Simu hazikukoma, watu wakafika kwenye jengo wakiwa na mabango kifuani, kuta zote zikajaa karatasi. Kipindi kikaendelea mpaka tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, jumla saa 453 na dakika 45. Familia 10,189 zilipatana. Mwaka 2015 UNESCO iliweka rekodi za kipindi hicho kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Watu walitambuana kwa kovu, kwa jina la mbwa wa nyumbani, kwa wimbo wa bibi. Na kwa lafudhi: dada mmoja alikuwa amekulia huku na mwingine kule, wanaongea tofauti kabisa, ni watoto wa tumbo moja.

Sisi hatuna televisheni. Tuna antena moja, jenereta na dakika 15 baada ya matangazo ya vifo ya jioni, ambazo siku hizi tunazijaza na muziki. Nimeomba wakubwa wa radio watupatie dakika hizo kwa majina, na wamekubali kujaribu kuanzia Jumatatu. Anayetafuta mtu aje na jina lake, jina la wazazi, jina la kijiji walikotengana, na mwaka. Hatutauliza kabila, wala hatutasema hewani mtu analala wapi sasa. Akipatikana mtu, tutaongea naye pembeni kwanza. Kwa watoto waliopotezana na wazazi hatutataja chochote hewani kabla ya kuongea na watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi ya kutafuta familia wanaifanya siku zote na hawaombi hata franka moja. Akitokea mtu anayewaomba pesa ili jina lisomwe, tuambieni.

Mlango uko wazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Asiyejua kuandika aje tu, tutaandika pamoja. Na asiyejua Kiswahili cha hapa aje vilevile, aseme kwa Kiswahili chake.